Parker Anakungoja

Garsen

Mpenzi mume wangu Suleiman,

Sote wazima. Mvua bado, lakini mbuzi wa akika alipatikana.

Nilimwambia baba yako umemchagulia mwanetu Parker, jina la kisasa ulilolipenda huko Doha. Akataka kujua limetoka wapi. Nikamsomea kwenye simu kwamba ni la ukoo wa Wazungu waliotunza mbuga zamani. Mzee alicheka hadi akakohoa.

"Mjukuu wangu aitwe kama wale askari wanaofukuza ng'ombe wetu mbugani?"

Akamwita mtoto Gollo, jina la marehemu babu yako.

Sikubisha. Uliahidi utakuwa hapa nikijifungua, hukuja. Jina la Parker nimekuwekea wewe, hakuna mwingine anayemwita hivyo. Njoo umwite mwenyewe, kabla hajazoea kuitikia Gollo tu.

Mkeo,
Bishara