Swali la Mama Hudhaifa

Tibirinzi, Chake Chake

Shehe Thuwein,

Waalaykumu salaam. Nnaitikia ile uliyowatolea watu wote mtandaoni, maana salamu yangu mwenyewe huu mwaka wa sita haijafika kutoka Maskati.

Sisi wazima. Karafuu zimezaa, na mamako kashatiwa meno mapya.

Darsa yako ya Ijumaa, ya haki za mke, niliisikiliza sebuleni na jirani zangu, simu tumeiegemeza kwenye birika. Umenenepa. Wenzangu wakanipongeza kwa kuolewa na mwanachuoni.

Ulipofungua maswali nikaandika: mume kasafiri, haleti matumizi wala habari, mke afanyeje? Nilijiandika Mama Hudhaifa, nikidhani utalishtukia jina ulilompa mwanao mwenyewe. Ulilisoma kama jina la mpita njia. Ukasema, "Dada yangu, mwanamme huyo hana haya. Usimsubiri. Nenda kwa kadhi akuvunjie ndoa." Ukaniombea na dua. Jirani zangu wakaitikia amin, kisha hakuna aliyenitazama.

Nimekutii, kama mke anavyomtii mumewe. Kadhi alipouliza shahidi wangu nani, nikamwekea sauti yako. Akaisikiliza mara mbili, akataka kujua shehe huyu ni nani. Nikamwambia ndiye mume mwenyewe.

Hati ya kuvunjwa ndoa imo humu ndani ya bahasha. Hudhaifa naye huzisikiliza darsa zako, na anakwita ustadhi. Sikumsahihisha.

Dada yako, kama ulivyoniita,
Nadhira