Kipulizio Kisichooshwa

Langas, Eldoret

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Goti linaendeleaje? Na ule ukuta wa jikoni, mvua ya safari hii imeuacha umesimama? Mimi ni mzima wa mwili wote isipokuwa midomo, na midomo ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Kabla hujaenda mbali, nakuomba barua hii uisome mwenyewe. Kama bado hujapata miwani mingine baada ya kuikalia ile, mwite dada Mghoi akusomee kule nyuma kwenye migomba. Asikusomee Mama. Ningekupigia, lakini simu ni ya Mama, na Mama akipokea huweka spika mpaka kuku wakajua habari zetu. Ndiyo maana nimempa barua hii binamu Mwakio anayerudi huko Taita, na nimemwapisha aikabidhi mkononi mwako.

Kazi ya kuuza mbao haijambo. Kilichonitoa jasho ni bendi ya kanisa. Kanisa jipya limeisha, na siku ya kulifungua tulitakiwa kuwaongoza watu kutoka barabarani hadi mlangoni. Kwenye ubeti wa mwisho tarumbeta ya mbele hupanda juu peke yake na kukaa huko huko mpaka milango ifunguliwe. Tarumbeta ya mbele ni mimi. Yaani ilikuwa mimi, hadi Mwalimu Kosgei, kiongozi wetu, aliponisikia nikipanda na kukatikia njiani mara tatu mfululizo.

"Mwadime," akaniambia, "hiyo noti unaifikia karibu halafu unaiogopa. Saturday mtapiga wewe na Chelagat. Mwenye ataifikisha atasimama mbele. Mwenye atashindwa anaenda huko nyuma kwa drum."

Chelagat ni msichana anayesoma chuo kikuu kule Chepkoilel. Tarumbeta yake huibeba kwenye mkoba pamoja na vitabu, na hupanda juu bila hata kukunja uso. Nami nilijua umeshawatangazia watu wote, kuanzia katekista hadi muuza nyama, kwamba mwanao ndiye tarumbeta ya kwanza Eldoret. Ningewaandikia nini? Kwamba siku hizi mimi ni jirani wa ngoma? Nilikosa hamu ya kula, Baba, na unanijua.

Kwanza nilisingizia hewa. Huku tuko juu sana, na asubuhi kuna baridi hivi kwamba kile kipulizio chako ulichonipa, cha kuchomeka kwenye ncha ya tarumbeta, hukiweka kwapani kwanza ndipo nikitie mdomoni. Jirani yangu Kibet, ambaye ni mkimbiaji kama nusu ya watu wa huku, akasema shida ni mapafu. "Kuja tukimbie kidogo tu," akaniambia. Kidogo yake ilikuwa ni kuelekea Turbo, mji mwingine kabisa. Nilirudi kwa boda boda, nimemkumbatia dereva kiunoni kama mtoto wa nasari, na siku mbili nilishuka kitandani kwa mafungu. Noti ilibaki pale pale.

Ndipo Chelagat mwenyewe akanihurumia. Alikichukua kipulizio chako, akachungulia ndani. "Hii ni deep sana," akasema. "Ni kama bakuli ya uji. Inakupea sauti nono, lakini huko juu lazima ikuchoshe. Jaribu hii yangu ingine." Chake kilikuwa na kina kifupi na ukingo mwembamba. Baba, naungama: nilikitia tu, nikapuliza, na ile noti ikatoka mara ya kwanza. Nilifurahi sana, halafu nikakuonea aibu.

Furaha yangu haikumaliza hata alasiri. Nilienda kujifua nje ya kanisa, na ndani walikuwamo akina mama wa kwaya wakipimwa sare na Mama Dorcas. Huyu ndiye mwenyekiti wao na ndiye fundi wao wa nguo, na hana breki. Alitoka na futi shingoni.

"Kijana, hiyo ni tarumbeta ama ni mbuzi imeshikwa na waya?"

"Lakini nimeifikisha, Mama."

"Umeifikisha peke yako. Sisi umetuacha hapa chini. Hebu rudisha ile sauti ya kitambo, ile ilikuwa inashibisha mtu."

Nikawa mtu wa kushika huku nikiponyokwa kule. Kwa kipulizio chako nilikuwa na sauti bila kimo, na kwa cha Chelagat nilikuwa mbuzi mrefu. Siku ya Alhamisi nikaenda kwa Njoroge, fundi wa baiskeli ambaye pia hutengeneza vyombo vya bendi kwa sababu hakuna mwingine hapa mtaani. Ana mkebe mzima wa vipulizio vya zamani, nami nilitaka cha katikati. Nilijaribu vitano. Kimoja kilinipa sauti ya lori linalorudi nyuma. Kingine mdomo wangu wote ulizama ndani, na Njoroge akaniambia kwa upole kwamba hicho ni cha trombone, si cha tarumbeta.

"Hebu lete hiyo yako," akasema mwishowe.

Sasa, Baba, shika kiti. Unakumbuka siku uliyonipa kipulizio ulivyonionya? Hakioshwi, ulisema, na ile karatasi iliyozungushiwa mkia wake, pale kinapoingia kwenye tarumbeta, haitolewi. Atakayeitoa, sauti itatoka nayo. Miaka yote sikuwahi kuigusa. Hata kufuta vumbi nilifuta kwa kuviziavizia.

"Hii umeiosha lini?" Njoroge akaniuliza.

"Haioshwi."

"Na kikombe ya chai pia huoshi?"

Nikaanza kumweleza habari zako, lakini kabla sijafika nusu kipulizio kilikuwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Yaliyotoka humo sitayaandika, maana huenda unasomewa wakati wa chakula. Kisha akaibandua karatasi polepole kwa ukucha, nami nimesimama pale kama mtu anayetazama jino lake liking'olewa.

"Hii mzee wako aliweka kwa sababu tarumbeta yake ilikuwa imelegea," akasema. "Hii ya bendi haijalegea. Sasa kipulizio haiwezi kuingia mpaka ndani, inakaa kwa mlango kama mgeni hajakaribishwa. Noti za juu zitasimama aje?"

Akakitia bila karatasi. Kilizama kwa ndani zaidi, kikakaa. Nikapuliza. Baba, ile noti ilitoka, nayo ilitoka nono, ni sauti yako ile ile ya asubuhi ya Pasaka ulipokuwa ukituamsha bonde zima. Machozi yalinitoka mbele ya watu waliokuja kuziba pancha.

Jumamosi nilipiga. Chelagat naye alipiga, akaifikisha vizuri, na wote tukamgeukia Mwalimu Kosgei. Naye akamgeukia Mama Dorcas. "Huyo wa kushibisha akae mbele," Mama Dorcas akaamua, na Chelagat mwenyewe akapiga makofi. Jumapili milango ya kanisa ilikwama kidogo kwa sababu ya rangi mpya, ikabidi nikae kule juu kuliko tulivyopanga. Nilikaa. Mama Dorcas alilia mpaka kilemba kikamwendea upande.

Basi waambie watu wako kwamba hukuwadanganya.

Sasa nakuja kwa lile lililonifanya nimwapishe Mwakio. Baada ya ibada niliitandaza ile karatasi mezani. Pindo la nje lilikuwa limekuwa jeusi, lakini la ndani lilikuwa zima, na wino wa buluu bado unasomeka. Ni kipande cha barua. Kinasema: "…na usirudi bila cherehani. Ya kukanyaga, si ya mkono. Nimeshawaambia dada zangu."

Baba! Ni ile barua ya Mama ambayo kila Krismasi, akishona vifungo kwa mkono, wewe huapa kwamba ilipotea njiani! Kwamba ulirudi kutoka Mombasa na tarumbeta kwa kuwa hukujua mwenzako anataka nini! Kumbe ulijua, ukanunua tarumbeta, halafu barua yenyewe ukaifanya kabari. Sasa nimeelewa kwa nini kipulizio hakioshwi.

Usiogope. Mimi ni mwanao, siri yako ni siri yangu.

Nisalimie Mghoi, na umwambie asicheke kwa sauti huko migombani. Msalimie Shangazi mlezi wangu, na mjomba wa ng'ombe, na katekista ambaye sasa anaweza kuniamini. Mungu awalinde, alitunze goti lako, na atuvushe sote hii Krismasi inayokuja.

Mwanao anayekupenda,
Mwadime

Mama, shikamoo. Najua ni wewe unayesoma. Mwakio hawezi kupewa chai na mihogo akabaki na kiapo. Kipande chenyewe kimo ndani ya bahasha, chini kabisa. Ni chako kwa mwandiko na cha Baba kwa mate, gawaneni wenyewe. Alikudanganya, sitamtetea. Lakini nakuomba kabla hujamgeukia ukumbuke jambo moja: miaka yote hiyo hakupuliza hata noti moja ambayo haikupita katikati ya maneno yako. Alikuwa na magazeti, alikuwa na pakiti za sukari. Alichagua hicho.

Mama Dorcas nimemsimulia, amecheka mpaka akakaa chini. Ana cherehani mbili na hutumia moja. Desemba nakuja na ile nyingine. Ya kukanyaga.