Jina la Mama Anitha kwenye Daftari

Alhamisi, Gitega. Mvua imekatika sasa hivi, viatu vyangu bado vina tope la Mwakiro, na nina furaha ya kijinga.

Nikiri kwanza: kosa lilikuwa langu. Nauza cherehani na redio zilizotumika, na sheria inanitaka niandike kila ninachonunua: namba ya kitu, jina la aliyeniuzia, namba ya kitambulisho chake. Mimi nikawa naandika majina kama tulivyoitana kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikokulia. Mama Anitha. Baba Eriki. Kule nani alijua jina la mama wa mtu?

Jumatatu afisa wa komine, serikali ya eneo letu, alifungua daftari langu, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "We dada, Mama Anitha iko wengi hapa Burundi. Kama hii mashine ya kushona iliibiwa, mi nitauliza nani?" Akanipa hadi Ijumaa. Bila majina kamili leseni haitoki, na bila leseni sina kibanda.

Nilikasirika, tena sana.

Kumbe alikuwa na haki.

Wengine niliwapata kwa simu. Mama Anitha hana simu, kwa hiyo leo alfajiri nimepanda gari hadi Muyinga, kisha pikipiki hadi Mwakiro, nikiuliza njiani. Hapo lile jina la nyumbani likanisaidia, maana kila mtu alimjua.

Aliponiona na daftari, alirudi nyuma hatua moja. "Mwanangu, ile mashine ilikuwa ya marehemu mume wangu. Mi sikuiba." Niliona aibu. Uzembe ulikuwa wangu, hofu ikawa yake.

Nilipomweleza, aliingia ndani akatoka na karangamuntu yake, kitambulisho kilichofungwa vizuri kwenye kitambaa. Nikanakili taratibu: Nizigiyimana Goreth. Akaomba nimsomee. Nikasoma.

"Soma tena," akasema. Tangu amzae Anitha, karibu hakuna anayemwita hivyo. Akaweka kidole gumba chini ya jina lake, akaliangalia kwa muda.

Nimerudi na kuchora safu mbili kwenye daftari: jina la kitambulisho kwa ajili ya komine, jina la nyumbani kwa ajili ya kumpata mtu. Nadhani hata afisa atalipenda wazo hili.

Kesho nitakuwa mlangoni kwake kabla hajafika. Akiuliza tena Mama Anitha ni nani, nitamsomea.

Mara mbili.