Dushi Safi Kupita Kiasi

Elisabethville, Jumatano, Oktoba 1954

Joto. Mvua bado inakataa, na moshi wa kiwanda umelala juu ya siti, mtaa wetu sisi Waafrika, tangu asubuhi. Nina hasira. Naandika sasa hivi kwa sababu ikipoa nitaanza kuipamba.

Nimeomba ile kadi wanayopewa Waafrika ambao Serikali ya Wabelgiji inakubali kwamba wamestaarabika. Siiombi kwa ajili ya heshima. Naiomba kwa ajili ya kazi yangu ya gazeti. Mikutano yenye maana hufanyika jioni, kwenye mji wa Wazungu, na mimi saa tatu usiku lazima niwe nimerudi siti, la sivyo ni polisi. Kwa hiyo nasikiliza mkutano mpaka katikati, nainuka, na kesho yake nawaomba waandishi Wazungu wanisimulie uliishaje. Wanasimulia wanavyotaka.

Mimi ni mwandishi wa nusu mikutano.

Kabla ya kutoa kadi, wanakuja kukagua nyumba. Wanafunua sufuria, wanatazama uma, wanainama chini ya kitanda. Jirani yangu Placide, karani, alikaguliwa mwaka jana na kadi yake anayo. Alipita Jumapili akachungulia dushi yetu, chumba cha kuogea, akacheka mpaka akashika mlango.

"Ndugu yangu, utaanza kuchimba lini? Kambove imefika mu nyumba yako."

Alikuwa anasema juu ya rangi, kama ya mawe ya Kambove, kwenye mgodi wa shaba. Chini ya bomba, ukutani na sakafuni, kulikuwa na alama ya kijani inayoelekea buluu. Haikuwa uchafu. Maji yanalala usiku kucha ndani ya mabomba ya shaba, yanaila kidogo kidogo, na asubuhi yanaiacha pale yanapodondoka. Lakini Placide alikuwa ameshaacha kucheka.

"Madame wa kukagua akiona ile, atasema njo buchafu. Mambo imekwisha."

Basi Anastazia, mke wangu, akasugua. Alianza na sabuni na burashi, haikutoka. Akaleta ndimu na chumvi, na kijani kikaanza kuachia. Sehemu ngumu akazifunika kwa matambara yaliyolowa siki, akarudi tena na majivu laini. Vidole vilimchubuka. Jana jioni dushi ilikuwa nyeupe kuliko siku tuliyohamia, naye alisimama akaitazama. Mimi nilifurahi. Nilimwambia kadi tumeipata.

Leo mchana walikuja wawili, Madame mmoja wa kukagua na Bwana mmoja wa kumsindikiza. Sebuleni hawakukaa. Madame alikwenda moja kwa moja kwenye dushi, akapitisha kidole ukutani, akakiangalia kidole chake.

"Weye hapana oga hapa," alimwambia Anastazia, kwa Kiswahili chao cha kuagizia chakula.

"Tunaoga humu kila siku, Madame."

"Uongo. Bantu wakioga, ukuta inaonyesha. Hii ni ya kuonyesha wageni. Nyinyi naoga inje, mu beseni."

"Nilisugua, Madame. Ilikuwa na rangi."

"Rangi gani? Mi hapana ona rangi."

Niliingia kati kwa Kifaransa changu kizuri. Nikaeleza mabomba, shaba, maji yanayolala usiku. Nikajikuta nimesimama mbele ya ukuta mweupe nikiapa kwamba nyumba yangu ilikuwa chafu, na kwamba uchafu wenyewe haukuwa uchafu. Yule Bwana alitabasamu kama anayesikiliza mtoto aliyevunja sahani.

Kisha akasema jambo ambalo kwake lilikuwa rahisi kabisa. Tuite mtoto mmoja. Avue nguo, afungue bomba, aoge. Wao wataona kama amezoea.

Nami nikaita.

Nataka jambo hili likae hapa kama lilivyotokea. Sikusukumwa, sikutishwa. Niligeuza kichwa kuelekea uani nikaita, "Jozefina," na binti yetu, ambaye bado hajafika komunyo ya kwanza, akaja mbio. Nilimwambia alete taulo. Akaleta.

Anastazia alimpokonya taulo mkononi. Akasimama kwenye mlango wa dushi, mtoto nyuma yake.

"Huyu mutoto haiko sinema, Madame. Kama munataka kuona muntu anaoga, muende kwenu, mukaangaliane."

Hakupaza sauti. Madame aliniuliza mimi, kwa Kifaransa, mke wangu amesema nini. Alikuwa ameelewa, alitaka nimgeuzie maneno yawe laini. Ni kazi ninayoiweza sana. Leo sikuiweza.

Wakaondoka. Jikoni hawakufika. Mlangoni yule Bwana aliniambia kwa upole kwamba ombi langu lirudishwe baadaye, nyumba ikishakuwa tayari.

Placide amekuja jioni kuuliza. Nikamwambia. "Umeharibu, ndugu," akasema. "Mutoto angeoga tu. Wangu alioga."

Nilimfungulia mlango aende zake. Sijui kama nitaweza kukaa naye tena meza moja, na najua kwamba sina haki ya kumkataa.

Anastazia hakunisubiri. Ameweka chakula changu, amekifunika, amekwenda kulala na watoto. Nawachukia wale wawili, mikono yao, viatu vyao kwenye sakafu yangu, utulivu wao. Hiyo ni chuki nyepesi, hainisumbui. Mikutano nitaendelea kuiandika nusu.

Kinachonisumbua ni sauti. Nilimwita Jozefina kwa sauti ileile ninayomwitia chakula, ndiyo maana alikuja anakimbia.

Kama Anastazia angekuwa sokoni leo mchana, mimi ningesimama wapi?

Najua. Ningekuwa nimeshika taulo.