Miparachichi Yote Imeshika

Njombe

Mama yangu,

Shikamoo. Itikia tu, hata kama ni mdogo wangu Zuhura anayekusomea. Goti linaendeleaje? Na humo ndani ya eda, unapata wa kuongea naye, au ni kuta tu? Mimi mzima wa mwili. Baridi ya huku inauma mpaka meno, nalala na soksi.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sikuja kumzika baba. Nilikuambia nitakuandikia, kwa sababu chumba chetu cha bweni kilijaa watu.

Kaka aliponipigia tulikuwa kitaluni hapa chuoni, tunafundishwa kubebesha miparachichi: unachukua kikonyo cha mti mzuri, unakipachika kwenye mche, unafunga na nailoni. Nilikata simu nikaendelea. Kata, pachika, funga. Mwalimu alipopita nikamwambia, "Baba yangu amefariki," kama mtu anayeomba maji. Wenzangu ndio waliolia. Wakanikatia tiketi ya basi la asubuhi, eti niwahi mazishi. Kwao huku maiti husubiri ndugu wote wafike. Sikuwa na nguvu ya kuwaeleza kwamba sisi hatulazi maiti, na baba alikwishazikwa alasiri ileile, huko kwetu Marambo. Basi likaondoka bila mimi.

Jana tumefungua nailoni. Miche ya wenzangu mingi imekauka. Yangu ya siku ile yote imeshika.

"Una mkono mtulivu, binti," mwalimu akasema.

Nikasema asante. Sikuhisi kitu, mama. Hata chakula nakula kwa kuwa kengele imelia.

Mjomba wa Ruangwa ameniandikia kwamba nisipokuja kwenye arobaini, watu watasema nimesoma mpaka nimesahau kwetu. Waseme, mdomo ni wao. Ninachoogopa ni kingine. Huku niliko baba bado hajafa. Yuko kwenye mikorosho anapulizia salfa, amejifunga kitambaa puani, anaimba ovyo kwa Kimwera. Nikija, nitamkosa.

Lakini nakuja. Umekaa na msiba huu bila mimi, imetosha.

Nisalimie bibi mzaa baba, na shangazi wa Mnero aliyekupikia siku zote za matanga. Kaka mwambie nimesikia ndiye aliyeshuka kaburini, na namshukuru.

Ila asije stendi ya Nachingwea kunipokea. Aliyekuwa akija ni baba, na baiskeli yake. Niacheni nisimame pale peke yangu, nimsubiri, mpaka nione mwenyewe kwamba haji.

Mwanao,
Somoe