Mdhamini Wangu wa Manizales

Manizales, 9 Machi

Mpendwa Dada Leonise,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti limepungua maumivu na kwamba unalipumzisha kama daktari alivyoagiza, ingawa nakujua. Mimi ni mzima. Baridi ya huku milimani nimeizoea. Mvua ndiyo bado hatujapatana.

Umeniuliza huyo Bi Rubiela ninayemtaja kila barua ni nani hasa, na kwa nini kila Jumapili nakula kwake kama mtoto wa nyumbani. Una haki ya kujua. Ni fundi cherehani wa shule yetu. Chumba chake kiko kando ya lango, na hakuna sweta ya mwanafunzi ambayo haijapita mikononi mwake. Ana miaka sitini na mitatu, mfupi, na pini hazimtoki mdomoni, kwa hiyo hata akikutukana hukutukana kwa upande mmoja wa mdomo.

Mwaka jana nilipofika kufundisha Kiingereza, nilikuandikia kwamba nyumba nimepata upesi. Haikuwa kweli. Wiki saba nililala kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi ya mabasi, vitanda sita chumba kimoja, nikisahihisha madaftari juu ya sanduku langu. Kila mwenye nyumba wa bei ninayoiweza alitaka mdhamini mwenye nyumba yake hapahapa mjini, na mimi mjini nilimjua muuza mikate tu, naye amepanga. Mmoja alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mwingine alinichangamkia kwenye simu, kisha aliponiona mlangoni akasema mpwa wake ameshahamia. Nilimwuliza tangu lini. Akasema sasa hivi.

Bi Rubiela alizipata habari hizi siku nilipompelekea koti langu. Hakunipa pole. Aliniuliza kama nina viatu vya kupandia vilima, na Jumamosi tukatoka.

Dada, ungemwona. Haangalii rangi wala dirisha. Anabandika kiganja ukutani kutafuta unyevu, ananusa kabati, anafungua mabomba yote kwa pamoja. Katika nyumba moja iliyopakwa rangi jana yake alibandika kiganja, akakitazama, akamgeukia mwenye nyumba. “Kaka, unampangisha mwalimu au unapanda uyoga?”

Nyumba ya tano ilikuwa ya Mzee Heriberto, mnunuzi wa kahawa aliyestaafu, aliyefiwa na mkewe. Alikuwa akipangisha orofa ya juu: chumba, jiko, na dirisha ambalo mawingu yakipisha unauona mlima wa theluji. Bei niliimudu. Lakini naye akataka mdhamini. Nilikwisha kushika mwavuli wangu niondoke, Bi Rubiela akasema, “Niandike mimi.”

Mzee akamwuliza kama ana nyumba au ana maneno.

“Ninayo. Matofali yake niliyapandisha ngazi mia mbili na kumi kwa mgongo huu, nina mimba ya Wilmar. Ukitaka kuyahesabu, njoo.”

Huyo Wilmar, mwanawe, sasa anaishi mji wa Pereira. Alipopata habari alipiga simu, nami nilikuwepo, na sauti yake ilijaa chumba kizima. Alimwambia mama yake kwamba anaiweka nyumba rehani kwa ajili ya mgeni, na mgeni akitoroka, yeye mama atalala wapi. Bi Rubiela alimjibu kwamba kati ya hao wawili, aliyekwisha kuondoka ni yeye Wilmar. Kisha akamwuliza kama amekula.

Sasa nikuambie nisichomwambia mtu. Ijumaa iliyofuata, tulipokwenda kwenye ofisi ya kuthibitisha mikataba, tiketi ya kurudi nyumbani ilikuwa ndani ya pasipoti yangu. Niliikata siku chache kabla ya ile Jumamosi ya kutafuta nyumba, nilipokata tamaa, na sikuifuta. Nyumba ilipatikana, nami bado sikuamini kwamba itakuwa yangu. Karani alipofungua pasipoti akaikuta, akaiweka mezani. Bi Rubiela akaisoma: ndege ya Jumanne. Akaikunja mara mbili, akanirudishia, akachovya kidole gumba kwenye wino.

Sikupanda ndege ile. Jumanne saa ya kuondoka nilikuwa mbele ya darasa la nane nikifundisha vitenzi. Miezi kadhaa baadaye nilimwuliza kwa nini alitia kidole. Akasema siku ile kwenye foleni aliniona nikisahihisha madaftari, na mtu wa kuondoka Jumanne hasahihishi madaftari Ijumaa.

Alikosea, Dada. Niliyasahihisha ili niyaache yamekamilika, nisije nikasemwa vibaya. Nilikuwa naondoka, mpaka alipotia kidole. Alichokiona kama uthibitisho wa kubaki kilikuwa ni kufunga mizigo.

Kwa mwaka mzima nimekula chakula chake nikiwa nalo hilo rohoni. Leo mkataba umefika mwisho, na Mzee Heriberto anataka sahihi mpya ya mdhamini. Asubuhi nilikwenda chumbani kwa Bi Rubiela nikamweleza yote, bila kupunguza. Alikuwa anapinda sketi. Aliendelea mpaka akaumaliza upindo, akakata uzi kwa meno, akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. Nilidhani ndiyo mwisho wetu.

“Ofisi inafungwa saa sita,” akasema. “Vaa koti.”

Tumerudi sasa hivi, na kidole chake bado kina wino. Msalimie sana Mjomba Anselm, na majirani wote wa hapo nyumbani Soufrière wanaonikumbuka. Wewe goti likikuruhusu, njoo likizo ya Desemba. Kitanda kipo, na kuta nilizipimisha unyevu.

Ni mimi mdogo wako,
Ignatia