Nilifunga Thelathini Zote

Junju

Dada Mwanaisha,

Nakuamkia dadangu, shikamoo. Natumai barua hii inakukuta hapo Mambrui ukiwa mzima, wewe na watoto, na Mama miguu yake imepungua kuvimba. Je, dawa anameza au bado anaziweka chini ya mto? Sisi huku ukituona utasema wazima, lakini ni wazima wa macho tu.

Utajiuliza mbona nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ya hapo nyumbani ikilia huwekwa sauti kubwa wote wasikie, mpaka jirani anaitikia salamu. Haya si maneno ya kusikiwa na baraza zima. Yasome wewe kwanza, halafu utajua Mama umwambie nini.

Dada, siku zangu hazikuja. Kwa hesabu yangu zilikuwa ziingie kumi la mwisho la Ramadhani, na nilishajiandaa kula nije kulipa baadaye kama kawaida. Zikanipita. Nikafunga mpaka Idi bila kuacha hata moja, na mimi mjinga nikafurahi, nikaona nimejaliwa.

Aliyegundua ni Mavyaa, mamake Athumani. Nyumba ya wanawake wengi mwezi ule haina siri, asiyefunga anaonekana jikoni akionja mchuzi. Siku ya pili ya Idi tuko tunaosha vyombo, akaniuliza mbele ya wifi zangu, "Riziki, wewe umefunga thelathini zote?"

"Nimefunga, alhamdulillahi."

"Hongera. Mimi hizo thelathini nimeanza kuzipata nywele zikiwa nyeupe. Wewe mwenzangu umezipatia wapi?"

Wifi zangu wakacheka. Mimi sahani ikaniponyoka.

Kosa ni langu, nakwambia wewe peke yako. Vile vidonge vya kupanga uzazi nilikuwa nikimeza asubuhi na chai, saa ile ile kila siku, kama nesi alivyonisisitizia. Ramadhani ikaja, chai ya asubuhi hakuna. Nikasema nitameza nikifuturu. Lakini kufuturu hapa ni kukaanga, kupakua, kuita watu, mtoto naye analia. Siku nyingine nachelewa, siku nyingine nasahau kabisa. Nilidhani maadamu nameza kesho yake, si kitu.

Mavyaa hakungoja kipimo. Jioni ile ile alikuja na majani ya muarubaini yaliyotwangwa, akaniambia nijipake kifuani, Swafia aachishwe. Nikamwambia, "Mavyaa, mtoto ana miezi minane, na hatujajua kama mimba ipo." Akanijibu, "Ukishajua, yeye keshabemendwa. Mimi nilizika mmoja kwa maziwa ya mimba. Hunifundishi." Dada, machozi yalimlengalenga. Ningebishana vipi na mtu aliyezika? Nikajipaka.

Mara ya kwanza Swafia alivuta, akaacha, akaniangalia kama ananiuliza nimemfanya nini. Uji akautema. Viazi akavitema. Siku ya nne hakulia tena, akawa amelala begani kwangu tu, kimya, na hicho kimya ndicho kilichonitisha kuliko kilio. Maziwa yalikuwa yakinitiririka mpaka kanga inalowa, na mtoto yupo pale ana njaa.

Siku ya sita nikamwambia Mavyaa nampeleka mtoto kupimwa uzani. Nesi akatazama kitabu chake, akatazama mizani.

"Mbona ameshuka hivi?"

"Anaota meno."

"Meno hayali kilo, mama. Niambie."

Nikamwambia yote, mpaka muarubaini. Hakunigombeza. Alinipa kikopo, nikaenda msalani, nikarudi. Mistari ya kipimo ikawa miwili, wa pili umefifia kama kalamu inayoisha wino. Nikamwomba aangalie tena, labda si mstari. Akasema, "Ni mstari, mama."

Ndiyo hivyo, dada. Ipo.

Nililia pale pale. Unajua Swafia nilivyompata, nilivyopasuliwa, na niliambiwa nipumzike miaka miwili. Nesi akanishika mkono, akasema maziwa yangu hayana sumu, mimba haiyaharibu, nimrudishe mtoto leo na chakula nimpe pia. Lakini kwangu mimi alisema nianze kliniki sasa hivi, nisikose hata moja, na nikifika wakati wa kujifungua nisikae nyumbani na uchungu, niwe karibu na hospitali kubwa, kwa sababu mshono wa ndani bado mchanga.

Nilipofika nyumbani nilijiosha kwa sabuni mara tatu. Swafia akageuza uso, akanisukuma kwa kiganja. Alishajifunza kuniogopa. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu alikuwa anasinzia, mdomo ukafika wenyewe. Mavyaa akaingia akatukuta.

"Unamnywesha mjukuu wangu mimba!"

Athumani wangu alikuwa mlangoni, ametoka machimboni na vumbi la mawe mwili mzima. Nilimtazama aseme neno. Akainama kuvua viatu. Baadaye aliniambia mamake hawezi kumjibu. Simlaumu sana, lakini iliniuma.

Basi nikajibu mwenyewe, na unajua mimi si mtu wa kujibu. Nikasema, "Mavyaa, nipe mpaka kliniki ijayo. Twende sote, uone mizani kwa macho yako. Akiwa amepungua, nitamwachisha kwa mkono wangu." Akasema, "Haya. Akipungua hata kidogo, atalala kwangu." Tangu hapo tunaamkiana tu.

Kliniki ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Dada, nakuomba uje tuwe pamoja siku hiyo, maana peke yangu nitatetemeka. Na umwandae Mama taratibu: mimba ikifika miezi saba nataka nije nikae kwake, niwe karibu na hospitali ya Malindi. Athumani nimemwambia, amekubali kwa kichwa, mdomo bado. Naogopa kisu, siwezi kukuficha. Lakini naomba Mungu niwapate wote wawili, na sioni kwa nini asinipe.

Nisalimie Mama, umshike miguu kwa niaba yangu. Msalimie shangazi aliyenifunda, mwambie ananijia sana moyoni siku hizi. Na kaka yetu mshona nguo, na watoto wako, wabusu mmoja mmoja.

Mwandiko ukikushinda nisamehe. Karatasi nimeiweka juu ya goti, mkono mmoja umemshika Swafia. Ananyonya.

Mdogo wako akupendaye,
Riziki